Wanachama 29, namba moja ya simu: 2147483647 ni ya nani?

#1 KatibuKayole
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa chama chetu cha mtaa hapa Kayole, wanachama 43. Mwezi uliopita tuliachana na daftari, kijana mmoja akatutengenezea sistimu ya kuweka majina, michango na namba za simu. Alhamisi nikatuma meseji za mkupuo kukumbusha watu mkutano wa Jumamosi. Jumamosi tukajikuta watu tisa mbele ya pilau la watu arobaini.

Leo nimefungua orodha yenyewe. Wanachama 29 wana namba moja: 2147483647. Hao 14 waliobaki namba zao ni zao, ila sifuri ya mbele imepotea. Nimeipiga hiyo namba, haiingii. Mhazini anaapa kwamba kijana ameweka laini yake mwenyewe ili mambo yetu yapitie kwake. Kuna anayeijua?

#2 Dere46
Katibu, hilo pilau liliishia wapi? Tuanzie hapo.

#3 FundiLuthuli
Hiyo si laini ya Kenya. Zetu zinaanza na 07 au 01, ama 254 ukiandika kwa mtindo wa kimataifa. 214 ni kodi ya Dallas, Marekani, na baada yake zinafuata tarakimu saba, sawasawa na namba zao. Kijana amenunua namba ya mtandaoni. Mpelekeni kituoni.

#4 MhaziniMkali
Asante fundi! Nilisema mimi.

#5 KatibuKayole
Mama, kumbe nawe uko humu 😂

#6 MsimboUsiku
Tulieni kabla hamjamfunga mtoto wa watu. Hiyo si namba ya simu, hata kama inafanana na ya Dallas. Ni namba nzima kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 32 (biti ni tarakimu ya kompyuta, 0 au 1) zenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kijana aliiambia hifadhidata kwamba simu ni namba, wakati simu ni maandishi yanayovaa tarakimu. Mwanachama aliyejiandikisha kwa 254 ameleta kitu cha zaidi ya bilioni 254. Ndoo yenyewe inabeba bilioni 2 na kidogo. Maji yamefika ukingoni, yamesimama hapo.

Katibu, angalia hao 14. Nakuwekea dau la chai kwamba wote walijiandika kwa 07 au 01.

#7 KatibuKayole
Nimetoka kuangalia fomu za karatasi. Ni kweli! Hao 14 waliandika 07, isipokuwa mmoja aliyeandika 01. Wale 29 waliandika 254. Na tisa waliokuja mkutanoni wote wametoka kwa hao 14. Sasa chai nakudai au unanidai?

#8 MsimboUsiku
Nakudai mimi, dau nimeshinda 😅 Namba kama 0700 000 000 ikihesabiwa kama namba inakuwa milioni 700, inaingia ndooni bila shida, ila sifuri ya mbele haina thamani kwa hesabu, inatupwa. Anayesambaza meseji huwa anaongeza 254 mwenyewe akiona tarakimu tisa, ndiyo maana hao walipata.

#9 Nyota_na_Namba
Mnakimbilia kompyuta haraka sana. Jumlisheni tarakimu: 2+1+4+7+4+8+3+6+4+7 = 46. Halafu 4+6 = 10. Halafu 1+0 = 1. Watu 29 wamefanywa kuwa mmoja. Chama kimeambiwa kitu.

#10 Dere46
46 ni namba ya njia ya gari langu, matatu ya Kawangware. Chama kimeambiwa kipande gari.

#11 Mwalimu_wa_Hesabu
Nimekuwa nikisoma kimyakimya lakini hapa siwezi kupita. Acheni Dallas, acheni nyota. Hiyo namba ina heshima yake tangu kabla ya umeme. 2147483647 ni mbili kwa kipeo cha 31 (yaani mbili 31 zikizidishana), toa moja. Na ni namba tasa: haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe. Leonhard Euler ndiye aliyelithibitisha, na barua yake ilichapishwa 1772, akiwa St. Petersburg na macho yakiwa karibu yameisha kabisa. Kwa miaka mingi baada yake hapakuwa na binadamu aliyeonyesha namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo mhazini, kwenye orodha yenu amekaa mtu mzito.

#12 Dere46
Namba tasa ndiyo nini mwalimu? Sisi tulifunzwa hesabu kwa Kizungu, tulikuwa tunasema praimu.

#13 Mbongo_Ngara
Ndiyo hiyohiyo. Bongo darasa la msingi tunasema namba tasa, shufwa (zinazogawanyika kwa 2) na witiri (zisizogawanyika kwa 2). Tasa kwa sababu haizai: ukitafuta vigawo vyake hupati watoto, unampata yeye na moja tu.

#14 BintiKisauni
Na hilo neno mlichunge. Kwetu ukimwita mtu tasa umemtukana tusi la kutosha kuvunja undugu. Mwalimu wetu wa Pwani alikuwa akilipita haraka kama anayekanyaga makaa.

#15 ShoshoWaJericho
Mwanamke akiitwa tasa ni aibu, namba ikiitwa tasa inaandikiwa barua na wataalamu wa Urusi. Haya.

#16 Mwalimu_wa_Hesabu
Shosho umeniua 😂 Lakini tazama majirani zake. Ukitoa moja, unapata 2147483646, nayo ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Familia nzima hiyo. Ukiongeza moja, unapata mbili zikizidishana mara 31, hakuna kingine ndani. Yeye yuko katikati ya nyumba mbili zenye watoto, peke yake.

#17 FundiLuthuli
Sawa, nimekubali si Dallas. Lakini basi nimeelewa: waliotengeneza kompyuta waliichagua kwa kuwa ni tasa, haivunjiki. Kama usimbaji wa siri za benki unavyotumia namba tasa.

#18 MsimboUsiku
Hapana fundi. Hakuna aliyeichagua. Biti 32, moja inashika alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 31. Hizo 31 zinaweza kupangwa kwa namna 2147483648, na sifuri inachukua kiti kimoja, kwa hiyo kubwa kabisa ni 2147483647. Ndiyo hesabu yote. Utasa wake ni bahati.

#19 Mwalimu_wa_Hesabu
Nakuunga mkono kwa ushahidi. Fanya hivyohivyo kwa biti 8: unapata 127, tasa. Biti 16: 32767, ambayo ni 7 × 31 × 151, si tasa. Biti 32: yetu hii, tasa. Biti 64: 9223372036854775807, inagawanyika kwa 7 mara mbili mfululizo. Kama wangekuwa wanatafuta tasa wangeacha 16 na 64.

#20 FundiLuthuli
Wawili wa wanne bado ni wengi kwa bahati.

#21 Mwalimu_wa_Hesabu
Si bahati kabisa pia, na hapo natofautiana kidogo na Msimbo. Kipeo kikigawanyika, namba nayo inagawanyika. 15 ni 3 × 5, basi 2 kwa kipeo cha 15 toa moja lazima igawanyike kwa 7 (kipeo cha 3) na kwa 31 (kipeo cha 5). 63 ina 3 ndani yake, 7 inaingia tena. Lakini 7 na 31 zenyewe ni tasa, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi.

#22 Dere46
Nimeelewa. Kipeo kikiwa tasa, namba ni tasa. Nipeni cheti.

#23 Mbongo_Ngara
Rudisha cheti mkuu. 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 toa moja ni 2047, nayo ni 23 × 89. Kipeo tasa kinafungua mlango, hakikuhakikishii kiti.

Na hapo ndipo wakubwa wengi walipoanguka. Mwitaliano Cataldi, zama za 1588, alipatia kipeo 17 na 19, halafu akadai 23, 29, 31 na 37. Katika hizo nne ni 31 peke yake iliyosimama. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne naye 1644 akatoa orodha yake mpaka 257: akaweka 67 na 257 ambazo si tasa, akasahau 61, 89 na 107. Na bado namba hizi zote zinaitwa za Mersenne.

#24 BintiKisauni
Mtu anakosea mara tano na jina linabaki lake. Wanaume!

#25 KatibuKayole
Wakuu nashukuru kwa elimu, lakini mhazini ananiuliza: Euler alijuaje bila kompyuta? Anasema mtu anayedai kitu bila risiti ni yuleyule kijana wetu.

#26 Mbongo_Ngara
Mwambie mama risiti ipo. Kwanza, huhitaji kujaribu kigawo kinachozidi kipeuo cha pili (namba ambayo ikijizidisha yenyewe inaleta hii yetu), ambacho hapa ni 46,340 na ushee. Kama kuna kigawo kikubwa, mwenzake mdogo lazima awe chini ya hapo.

Pili, hujaribu namba zote. Kigawo tasa cha namba hii, kama kingekuwepo, ukikigawa kwa 62 lazima kibaki 1. Na ukikigawa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti hayo mawili, watuhumiwa wanabaki wa aina mbili tu: wanaobakisha 1 au 63 ukiwagawa kwa 248. Hesabu mpaka 46,340: hawafiki 400, na wengi wao si tasa kwa hiyo unawaruka. Yaani Euler alikagua watu wachache kuliko abiria wa treni moja ya Syokimau.

#27 Mwalimu_wa_Hesabu
Maelezo safi ndugu. Nitayaiba kwa kidato cha tatu.

#28 Dere46
Nimewapa jaribio makondakta stejini. Mmoja anasema inagawanyika kwa 7.

#29 Mwalimu_wa_Hesabu
Inabaki 1. Kwa 3 inabaki 1. Kwa 11 inabaki 1. Angalia jirani wa chini kwenye #16 utaona kwa nini. Na mwambie huyo kondakta kwamba 111 ya Ngong' ndiyo ya kumtega mtu, inafanana na tasa lakini ni 3 × 37. Na 237 ya Thika ni 3 × 79.

#30 ShoshoWaJericho
58 ya Buruburu je? Nimeipanda miaka mingi nijue nilikuwa na nani.

#31 Mwalimu_wa_Hesabu
2 × 29, shosho. Na 29 ndio wanachama waliopotea.

#32 Nyota_na_Namba
MNAONA SASA.

#33 HesabuZaMzigo
Narudi kwa #6. Sikubaliani. Mimi nilifanya kazi ya stoo Industrial Area, sistimu yetu ilipojaa haikusimama ukingoni, ilizunguka. Mzigo ukawa hasi. Namba ikipita 2147483647 kwa moja, inageuka −2147483648, kama mita ya gari iliyomaliza tarakimu. Kwa hiyo namba za wanachama hazikupaswa kuwa sawa.

#34 MsimboUsiku
Zote mbili zipo, mzee. Programu ikijumlisha kwenye biti 32, mara nyingi inazunguka kama ulivyoona. Hifadhidata ikiletewa kitu kikubwa kuliko nafasi, iliyo kali inakataa kabisa na kulalamika, iliyolegezwa masharti inakata na kuweka kikomo. Ushahidi uko kwa katibu mwenyewe: zingekuwa zimezunguka, kila mwanachama angekuwa na takataka yake tofauti. Chukua 254,700,000,000 tupu: ikizunguka biti 32 inabaki 1296929536. Mwingine angepata nyingine. Lakini wote 29 wamekaa mahali pamoja, maana yake walikatwa.

#35 HesabuZaMzigo
Hapo umenishika. Ila ya kwetu ilizunguka.

#36 FundiLuthuli
Basi dawa ni rahisi: kijana aondoe ile alama ya kutoa, simu haiwezi kuwa hasi. Anapata nafasi mara mbili.

#37 MsimboUsiku
Anapata mpaka 4294967295. Bado ni bilioni 4 mbele ya bilioni 254. Umemwongezea mtu wa Rongai nauli ya kumfikisha Bomas, njiani tu.

#38 Mwalimu_wa_Hesabu
Ila 4294967295 nayo ni tamu kivyake! Ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, yaani zile tasa tano za Mfaransa Fermat (mbili kwa kipeo fulani, jumlisha moja) zinazojulikana zote, zimezidishwa pamoja. Katika maumbo yenye idadi witiri ya pande zilizo sawa, hilo ndilo lenye pande nyingi kuliko yote yanayojulikana kuchoreka kwa rula na bikari tu. Kikomo kimoja ni tasa, kingine kimejaa watoto watano wa ukoo mmoja.

#39 Dere46
Mwalimu, wewe nyumbani wanakuvumilia vipi?

#40 Kimya_Kimya
Si ndiyo namba iliyoangusha YouTube 2014 kwa ule wimbo wa Mkorea PSY, Gangnam Style? Kaunta ilikwama.

#41 MsimboUsiku
Haikukwama. Waliona watazamaji wanakaribia, wakahamia biti 64 kabla. Watu walipenda hadithi ya kukwama.

Ya kuogopa ni nyingine. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970. Zilizobaki na biti 32 zitafika 2147483647 Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Nairobi ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, na sekunde 7. Sekunde inayofuata, kwa mtindo wa Mzee wa Mzigo wa #33, zinazunguka na kurudi Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901, saa sita kasorobo usiku.

#42 ShoshoWaJericho
Desemba 1901 ndio mwezi reli ilipofika Kisumu, ikiitwa Port Florence. Tutashukia wapi?

#43 Dere46
Saa kumi na mbili na robo asubuhi niko Kawangware najaza gari. Nitapiga honi.

#44 MhaziniMkali
Nimesoma yote. Sasa niambieni, hii namba ina faida gani? Maana naona wasomi wanaifurahia kama mtoto wa kwanza, na sisi imetupotezea pilau.

#45 Mbongo_Ngara
Mama, hata wao waliuliza. Ukiizidisha na 2 kwa kipeo cha 30 unapata 2305843008139952128, namba kamilifu: ukijumlisha vigawo vyake vyote vilivyo chini yake, unarudi palepale. Kama 6, ambayo ni 1+2+3. Ni ya nane katika ukoo huo. Mwingereza Peter Barlow aliandika 1811 kwamba hiyo ndiyo kubwa kabisa itakayowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi ni za udadisi na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Mwaka 1876 Mfaransa Lucas akajisumbua, akapata kipeo 127, tarakimu 39. Na Oktoba 2024 ikatangazwa kipeo 136279841: tarakimu 41,024,320. Ukichapa tarakimu 4,000 kila ukurasa, ni zaidi ya kurasa 10,000.

#46 MhaziniMkali
Sijajibiwa faida.

#47 Mwalimu_wa_Hesabu
Faida ipo, mama, na hapa namrudia Msimbo aliyesema utasa wake ni bahati tu. Mwaka 1988 Park na Miller walipendekeza njia ya kuifanya kompyuta itoe namba za bahati nasibu: chukua namba, zidisha na 16807, gawa kwa 2147483647, shika kinachobaki, rudia. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa na 16807 imechaguliwa vizuri, inapita namba zote 2147483646 kabla haijajirudia. Ingekuwa si tasa, mzunguko huo kamili usingewezekana. Kwa hiyo waliotengeneza kompyuta hawakuichagua, lakini walipoikuta mlangoni waliipa kazi.

#48 MsimboUsiku
Hiyo nakubali. Ingawa siku hizi kuna njia bora kuliko hiyo.

#49 FundiLuthuli
Kwa hiyo nilikuwa nusu sawa pale #17.

#50 MsimboUsiku
Robo.

#51 Nyota_na_Namba
Swali moja hakuna aliyejibu. 31 yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 5 toa moja. Yaani tasa ya Mersenne imekaa kama kipeo ndani ya tasa nyingine ya Mersenne. Hiyo pia ni bahati?

#52 Mwalimu_wa_Hesabu
Leo umeuliza swali zito. Za namna hiyo zinajulikana nne tu: 7, 127, hii yetu, na ile ya Lucas ya kipeo 127. Mtu angetegemea tukiweka hii yetu kuwa kipeo tupate ya tano. Haiwi. 2 kwa kipeo cha 2147483647 toa moja inagawanyika kwa 295257526626031. Namba ambayo huwezi hata kuiandika mzima, lakini kigawo chake kimoja unakiweka kwenye meseji.

#53 Nyota_na_Namba
Kwa hiyo mlango ulifungwa hapo kwa makusudi.

#54 Mwalimu_wa_Hesabu
Sikusema hivyo.

#55 HesabuZaMzigo
Katibu, kijana amesemaje? Na zile namba 29 zinarudi?

#56 MsimboUsiku
Kwenye sistimu hazirudi. Kilichokatwa kimekatwa, hakuna alama iliyobaki ya nani alikuwa nani. Mngeshukuru fomu za karatasi.

#57 Kimya_Kimya
Inategemea. Kama kijana alihifadhi faili aliyoingiza mwanzo, zipo. Aulizwe kabla hajaifuta kwa hofu ya mhazini.

#58 MhaziniMkali
Hofu iko pale pale. Kutojua biti si ushahidi kwamba hakuwa na nia.

#59 KatibuKayole
Wakuu, mrejesho. Faili alikuwa ameifuta. Jana jioni tumekaa naye, akabadilisha simu kuwa maandishi, nami nikaziingiza upya kutoka kwenye fomu, moja moja, mpaka saa nne usiku. 2147483647 imetoweka. Sifuri zimerudi.

Lakini leo asubuhi mhazini amegundua wanachama wawili bado wana namba moja. Nimemwuliza kijana, akakagua, hakuona kosa. Nimempigia mwenye namba: ni bwana na bibi, wana simu moja, na bwana hakujua kwamba bibi ni mwanachama.

#60 Dere46
Sasa hapo ndipo uzi unaanza.